Maswali ya wasomaji: Bakteria na majitaka yenye mionzi

Safari hii tumepokea barua kadhaa kutoka Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, zote zikigusa jambo moja: matumizi ya bakteria katika kusafisha majitaka yenye mionzi. Tumezifupisha kidogo bila kubadili maana yake, na tumezipanga ili jibu la kwanza liwasaidie wanaosoma majibu yanayofuata.

SWALI: Ndugu Mhariri, habari za kazi. Katika mazungumzo ya jioni hapa Nyakato, mwenzetu mmoja alitueleza kwamba wanasayansi wamegundua bakteria wanaokula mionzi, na kwamba majitaka ya hospitali na ya migodi ya urani yakipitishwa kwa bakteria hao yanakuwa safi kiasi cha kuweza kumwagwa ziwani bila madhara. Baadhi yetu tulibisha, lakini hatukuwa na hoja. Ukweli ni upi?
Msomaji, Nyakato, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, mlifanya vema kubisha. Bakteria wanaozungumziwa wapo na kazi yao ni ya kweli, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayemaliza mionzi. Mionzi hutoka katika kiini cha atomi isiyo tulivu, ilhali bakteria, sawa na tumbo la binadamu, moto wa jikoni au dawa yoyote ya kemikali, huishia kwenye elektroni za nje za atomi na hana njia ya kukifikia kiini. Kila atomi yenye mionzi huoza kwa muda wake yenyewe. Nusu ya iodini-131 huoza ndani ya siku 8, nusu ya kobalti-60 ndani ya miaka 5 na miezi 3 hivi, nusu ya sesiamu-137 ndani ya miaka 30, na nusu ya urani-238 ndani ya takriban miaka bilioni 4.5. Atomi hiyo ikiwa ndani ya jiwe, ndani ya tangi au ndani ya mwili wa bakteria, muda haubadiliki.

Sasa, kama bakteria hawagusi mionzi, kwa nini watafiti wamehangaika nao kwa miongo kadhaa? Ni kwa sababu majitaka yenye mionzi ni nadra kuwa maji na atomi za mionzi peke yake. Humo huwamo pia sabuni iliyofulia nguo za wafanyakazi wa mitambo ya nyuklia, mafuta ya mashine, viyeyushi kama toluini, asidi ya sitriki ambayo ni ileile iliyomo katika ndimu, kemikali iitwayo tributaili fosfeti inayotumika pamoja na mafuta ya taa kutenganisha urani na plutoni, na zaidi ya yote kemikali ya kusafishia mitambo inayojulikana kwa kifupi kama EDTA. Hivi vyote ni vichafuzi vya kaboni, na kaboni ndiyo chakula cha bakteria.

Naomba nikae kidogo kwenye EDTA, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko vingine kwa nini kuondoa uchafu usio na mionzi kunasaidia kuudhibiti ule wenye mionzi. Molekuli ya EDTA huizunguka atomi ya metali na kuibana kutoka pande kadhaa kwa pamoja, kama kaa anavyobana kwa magando yake, na metali ikishabanwa hivyo huwa haishikwi tena na udongo wala na chembechembe za resini zinazowekwa kwenye mitambo ili kunasa metali, bali hutembea na maji popote yaendako. Huko Oak Ridge, Marekani, ambako taka za majimaji zilizikwa kwenye mahandaki, watafiti walionyesha mwaka 1978 kwamba kobalti-60 ilikuwa ikihama ardhini kwa kubebwa na EDTA. Bila EDTA, kobalti hiyo ingetarajiwa kushikwa na udongo wa pale pale. Kwa hiyo bakteria akiivunja EDTA, metali hubaki haina wa kuibeba, na hapo mbinu za kawaida za kuinasa zinaweza kufanya kazi.

Vichafuzi vya kaboni vina usumbufu mwingine pia. Sabuni hutoa povu katika mitambo ya kuvukiza maji, na povu hilo hubeba mionzi hadi kwenye maji ambayo yalitakiwa kutoka yakiwa safi. Asidi ya sitriki na sukari huchelewesha saruji kukauka, jambo ambalo mafundi ujenzi wanalifahamu, na taka nyingi za mionzi hufungwa ndani ya saruji ili zisitoke. Madhara makubwa zaidi yalionekana tarehe 29 Septemba 1957 katika kiwanda cha Mayak, karibu na mji wa Kyshtym katika uliokuwa Umoja wa Kisovieti, pale tangi la taka za mionzi lilipokosa kupozwa, maji yake yakakauka, na mchanganyiko wa naitreti na asetati uliobaki ukalipuka na kusambaza mionzi katika eneo kubwa. Asetati ni kemikali ya kaboni ya kawaida kabisa, na bakteria wengi huila kwa urahisi. Sisemi kwamba bakteria wangeweza kufanya kazi ndani ya tangi lile, kwa maana joto na mionzi yake vilikuwa vikali mno. Nasema tu kwamba kaboni iliyoachwa ndani ya taka za mionzi si jambo la kupuuzwa.

Wapo pia bakteria wanaoshughulika na metali yenyewe, na nadhani mwenzenu alisikia habari zao zikasimuliwa vibaya. Bakteria wa jamii ya Geobacter, waliopatikana kwanza katika tope la Mto Potomac nchini Marekani mwaka 1987, huweza kuipa urani elektroni na kuigeuza kutoka hali inayoyeyuka katika maji hadi hali isiyoyeyuka. Urani hiyo huacha kusafiri na kutuama chini. Haikupungua hata chembe, na hewa ikiingia tena inaweza kuyeyuka upya.

Kwa hiyo hitimisho la mazungumzo yenu, kwamba maji hayo yamwagwe ziwani, halina msingi wowote. Bakteria wakishamaliza kazi, maji bado hupaswa kupitia hatua ya kunasa metali, kisha kupimwa, na tope lililobaki huhesabiwa kuwa taka ya mionzi. Kwa nchi yetu, anayesimamia vipimo na vibali hivyo ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003.

Kuhusu hospitali, hali yake ni tofauti na ya migodi. Mashine ya kutibu saratani inayotumia kobalti-60 ina chanzo kilichofungwa ndani ya chuma, na haitoi majitaka yenye mionzi. Majitaka hayo hutokana na wagonjwa wanaopewa dawa zenye mionzi, hasa iodini-131 kwa ajili ya tezi ya shingo, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa hutoka kwa mkojo katika siku za mwanzo. Njia iliyozoeleka duniani ni kuyaweka majitaka ya vyoo vya wagonjwa hao katika matangi ya peke yake na kusubiri. Siku 80 zikipita, iodini iliyobaki ni chini ya sehemu moja ya elfu. Matangi hayo hujaa gesi, harufu na tope kwa sababu kinyesi huendelea kuoza humo, na hapo ndipo bakteria wanaopewa hewa ya kutosha wanapofaa, kwa kuwa hupunguza tope na kulifanya tangi litumike bila kuziba. Anayeondoa mionzi ni muda.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni fundi katika mfumo wa majitaka na nimefanya kazi kwenye mabwawa ya kusafisha majitaka kwa muda mrefu. Ninafahamu kwamba hata mafuta au dawa ya kuua wadudu ikiingia kwa wingi bwawani, bakteria hufa na harufu hubadilika siku hiyohiyo. Je, bakteria wanawezaje kuishi katika maji yenye mionzi? Na je, ni lazima watengenezwe maabara?
Fundi, Ilemela

JIBU: Ndugu fundi, uzoefu wako umekufikisha karibu sana na jibu. Bakteria maarufu kwa kustahimili mionzi anaitwa Deinococcus radiodurans, na aligunduliwa mwaka 1956 katika jimbo la Oregon, Marekani, ndani ya nyama ya kopo iliyokuwa imepigwa mionzi ili kuua vijidudu vyote na bado ikaharibika. Kipimo cha grei 5 hivi mwili mzima (grei ni kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini) kinaweza kumuua binadamu asiyepata matibabu. Bakteria huyu hustahimili grei 5,000 karibu bila kupoteza idadi yake. Mionzi humkatakata DNA kama inavyowakatakata viumbe wengine, lakini yeye ana nakala kadhaa za vinasaba vyake, na protini zake za ukarabati hulindwa na madini ya manganizi, kwa hiyo ndani ya saa chache huviunganisha vipande upya kwa mpangilio sahihi.

Shida ni kwamba bakteria huyu hajui kula toluini wala EDTA. Mwaka 1998 watafiti walimpandikizia vinasaba vya bakteria mwingine, Pseudomonas putida, naye akaweza kuanza kuivunja toluini hali akiwa ndani ya mionzi inayoendelea. Mwaka 2000 akapewa uwezo wa kuigeuza zebaki kuwa katika hali yenye sumu ndogo. Kazi hizo zilikuwa za kuvutia, nami naziheshimu, lakini bwawa si maabara. Deinococcus anahitaji kulishwa vizuri ili akue, na bakteria wenyeji, ambao wamezoea njaa na mabadiliko ya kila siku, humshinda kwa urahisi. Isitoshe, kumwachia nje kiumbe aliyebadilishwa vinasaba kunahitaji kibali, na kwetu jambo hilo linasimamiwa na kanuni za usalama wa viumbe za mwaka 2009 zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Lakini kwa majitaka mengi ya kiwango cha chini cha mionzi, bingwa huyo hata hahitajiki. Maji ya kufulia nguo, ya kuoshea sakafu au ya hospitali huwa na mionzi hafifu ambayo bakteria wa kawaida wa tope la majitaka huivumilia. Hata katika madimbwi ya kupozea fueli ya nyuklia iliyotumika, ambayo maji yake huchujwa mno, utando wa bakteria hukutwa umeota ukutani. Kinachowaua bakteria katika majitaka ya nyuklia, mara nyingi, ni kilekile unachokiona wewe bwawani: asidi kali, chumvi nyingi, metali zenye sumu, na ujio wa ghafla wa kitu wasichokizoea. Majitaka ya kuchakata urani huwa na asidi ya naitriki, na bakteria akitiwa humo bila maji kusawazishwa kwanza atakufa hata kama mionzi ingekuwa sifuri.

Kwa hiyo mtu anayetaka kujenga mtambo wa aina hii huanza na tope la majitaka ambalo tayari limekuwa likikutana na kemikali husika. Huliongezea kemikali hiyo kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, huku akihakikisha kuna oksijeni na virutubisho. Unakumbuka uwiano wa 100 kwa 5 kwa 1 wa uchafu wa kaboni, naitrojeni na fosforasi. Ndio huohuo unaohitajika hapa, na majitaka ya viwandani mara nyingi hupungukiwa na hizo mbili za mwisho. EDTA yenyewe huhitaji uvumilivu zaidi, kwa sababu ni bakteria wachache wanaoiweza, na hata hao huivunja kwa urahisi ikiwa imeshika kalsiamu au magnesiamu, lakini hupata taabu ikiwa imeshika kobalti au nikeli. Mara nyingine hulazimu kutanguliza dawa inayoivunja vipandevipande, kama haidrojeni peroksaidi, ndipo bakteria wapewe vipande hivyo. Joto letu la kanda ya ziwa ni msaada mkubwa: maji yenye nyuzi 25 hivi huwafanya bakteria wafanye kazi haraka kuliko maji ya Ulaya wakati wa baridi.

Kuna jambo moja ambalo bwawa la wazi haliwezi kulimudu, nalo ni gesi. Baadhi ya maabara hutumia kemikali ambazo kaboni yake yenyewe ni ya mionzi, yaani kaboni-14. Bakteria akiila kemikali hiyo, huitoa kama hewa ya kaboni dioksaidi, na mionzi iliyokuwa majini huruka hewani. Maji yatapimwa na kuonekana safi, huku mionzi ikiwa imehamia penginepo. Kwa taka za aina hiyo, mtambo lazima ufunikwe na gesi yake inaswe.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mama ninayeuza dagaa na sato pale Kirumba. Nimesikia vijana wangu wakisoma kwamba bakteria hao huibeba mionzi mwilini. Sasa wakiingia ziwani, si wataliwa na dagaa, na dagaa wataliwa na sangara, na sisi tutawala wote? Je, samaki wetu wako salama?
Mama wa Kirumba

JIBU: Marahaba, mama. Umeuliza swali ambalo wataalamu hulipa uzito mkubwa. Ni kweli kwamba ukuta wa bakteria hunasa metali kutoka majini, hivyo tope la bakteria linaweza kuwa na mionzi mingi kuliko maji walimokuwa. Ni kweli pia kwamba kinacholiwa na kiumbe mdogo huweza kupanda hadi kwa mkubwa: sesiamu hufuata njia ya potasiamu na kuingia kwenye nyama ya samaki, na strontiamu hufuata njia ya kalsiamu na kukaa kwenye mifupa, jambo lenye maana kwa dagaa kwa kuwa huliwa na mifupa yake.

Ndiyo sababu bakteria hawa hufanyia kazi ndani ya matangi yaliyofungwa, na tope lao hukusanywa, hukaushwa na kuhifadhiwa chini ya ulinzi. Hakuna mtaalamu mwaminifu atakayeshauri wamwagwe ziwani.

Kuhusu samaki wako, mama, hakuna mtambo wa umeme wa nyuklia katika mwambao wa ziwa hili, na mradi wa urani wa Mto Mkuju uko Namtumbo, mkoani Ruvuma, kusini kabisa mwa nchi. Yanayolisumbua ziwa letu kila siku ni kinyesi na takataka zinazoshuka na Mto Mirongo mvua zinaponyesha, mbolea na udongo kutoka mashambani, na zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kwa zebaki nina neno moja. Tope lisilo na hewa lina bakteria wanaoigeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, ambayo hupanda kwenye samaki kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo bakteria huweza pia kuharibu mambo wakiachwa katika mazingira yasiyosimamiwa, na hilo linapaswa kukumbukwa na kila anayewatangaza kama tiba ya kila uchafu.

SWALI: Mhariri mpendwa, ninafundisha Kemia na Baiolojia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wamevutiwa na habari hizi. Je, lipo jaribio rahisi la kuonyesha kazi ya bakteria hawa bila kutumia kitu chochote chenye mionzi?
Mwalimu, Sengerema

JIBU: Mwalimu, lipo, na kwa maoni yangu ni bora kuliko maelezo yote niliyoyatoa hapo juu, kwa sababu mwanafunzi ataona kwa macho yake kinacholiwa na kisicholiwa.

Chota maji ya bwawa au ya ziwa yenye tope kidogo. Vaa glavu na viatu vya mpira unapochota, na usiwaruhusu wanafunzi waingie majini, kwa maana kichocho bado kipo katika mwambao wetu. Gawa maji hayo katika chupa mbili za kioo. Katika kila chupa weka kijiko kidogo cha sukari na kijiko kidogo cha chumvi ya mezani. Sukari inasimama badala ya kichafuzi cha kaboni, na chumvi badala ya metali yenye mionzi. Chupa moja uichemshe kwanza maji yake kwa dakika 20 na kuyaacha yapoe, ili bakteria wake wafe. Kisha tia katika kila chupa matone machache ya rangi ya methilini ya bluu, ambayo maabara nyingi za shule huwa nayo, ujaze maji mpaka juu na kufunika kwa kifuniko kisichokazwa sana.

Bakteria wanapoila sukari hutumia oksijeni iliyomo majini, na oksijeni ikiisha rangi ya bluu hufifia. Katika chupa isiyochemshwa, bluu itaanza kupotea chini, karibu na tope, kisha itapanda hadi shingoni. Inaweza kuchukua saa chache au siku mbili, kutegemea wingi wa bakteria. Chupa iliyochemshwa itabaki na bluu yake kwa muda mrefu zaidi. Mwambie mwanafunzi mmoja afungue chupa iliyofifia, apunguze maji kidogo, aifunike na kuitikisa: hewa ikiingia, bluu hurudi mbele ya macho yao. Hapo waulize kwa nini mitambo ya majitaka hupuliziwa hewa, nao watajibu wenyewe.

Sehemu ya pili ndiyo inayojibu swali la msomaji wa Nyakato. Andaa chupa ya tatu yenye maji, sukari na chumvi, bila rangi, uiache wazi kwa wiki moja au mbili ukiitikisa kila siku ili bakteria wapate hewa. Pima chumvi kwa mizani kabla ya kuitia. Baadaye chuja maji kwa kitambaa safi, yachemshe hadi yakauke, na upime kilichobaki. Sukari nyingi itakuwa imekwenda, lakini chumvi itakuwa bado ipo, ikiwa imechanganyika na mabaki kidogo ya bakteria na madini ya maji yenyewe, kwa hiyo uzito unaweza hata kuzidi kidogo. Wanafunzi wasionje kitu chochote, na maji yote yaliyotumika yachemshwe kabla ya kumwagwa. Ukipata nafasi, rudia jaribio ukitumia sabuni ya unga kiasi cha ncha ya kijiko badala ya sukari, uone tofauti ya muda. Sabuni huliwa polepole zaidi, na ndivyo ilivyo pia katika majitaka ya kufulia niliyoyataja.